Chachu na artemisia ya baba

Desemba iliyopita nilipanda kwetu Meru kwa ajili ya Krismasi, nikamkuta baba barazani anachambua maharage. Baada ya shikamoo na habari za safari aliniachia nafasi nikae, kisha akauliza swali ambalo naamini alikuwa amelitunza tangu nilipoajiriwa kwenye maabara ya kiwanda cha spiriti.

"Hivi mama, hiyo chachu mnayoifuga huko kazini ndiyo ile iliyoua artemisia yetu?"

Mwaka 2005 nilikuwa sekondari. Wakati huo nchi nyingi za Afrika zilikuwa zinahama kwenye dawa za malaria zilizoshindwa na kuingia kwenye dawa mseto, na kiungo kikuu cha dawa hizo, artemisinini, kilitoka kwenye majani ya mmea mmoja tu, artemisia. Bei yake duniani ilifika karibu dola 1,100 kwa kilo. Mnunuzi alikuja kijijini na mbegu za mkopo, laini kama vumbi la ugoro. Kijiko cha chai kilitosha kitalu chetu chote, tukazichanganya na mchanga ili zisipeperuke. Bibi alipoambiwa kuwa mmea huo ni jamii ya pakanga alisikitika, kwa sababu pakanga aliyoijua yeye ni ile nyota ya kwenye Ufunuo iliyotia maji uchungu. Baba alipanda hata hivyo, nusu eka, mahali palipokuwa na mahindi.

Bado naikumbuka harufu yake. Tulikata mashina kabla hayajatoa maua, tukayaanika juu ya turubai, tukayapiga kwa fimbo kama maharage hadi majani yakapukutika, halafu tukachekecha. Usiku nywele zangu zilinuka kama dawa ya kuchua. Malipo ya msimu wa kwanza yalilipa ada yangu na ya kaka yangu. Msimu uliofuata bei ilikatwa. Mwaka 2007 mnunuzi hakurudi kabisa, na magunia yakakaa ghalani mpaka majani yakapoteza rangi. Baba aling'oa yaliyobaki akarudisha mahindi.

Miaka sita baadaye alisikia redioni kwamba wataalamu Marekani wamefanikiwa kutengeneza dawa hiyo kwa kutumia chachu. Akaunganisha mambo mawili, na tangu hapo hasira yake ikapata mahali pa kukaa.

Nilimwambia hapana, na nilitaka anielewe. Mwaka 2006, majani yetu yakiwa bado yananunuliwa, kundi la Jay Keasling pale chuo kikuu cha California, Berkeley, lilitangaza chachu yenye jeni za artemisia ndani yake. Ilitoa asidi ya artemisiniki, malighafi ambayo bado ilihitaji kugeuzwa kwa kemia ndipo iwe dawa yenyewe. Kiasi kilikuwa miligramu 100 kwa lita, tena maabarani. Chachu ile isingeweza kushindana na magunia ya mtu yeyote. Kilichotuangusha ni kwamba bei ilipopanda, wakulima wa China, Vietnam na Afrika Mashariki walipanda kwa pamoja, majani yakafurika, na bei ikaporomoka hadi karibu dola 200.

Alinyamaza. Kisha akauliza chachu inawezaje kutoa dawa badala ya pombe, na hapo niliona raha, maana baba ni mjumbe wa kamati ya mfereji.

Nilimwambia hivi: ndani ya chachu kuna mfereji. Sukari inaingia juu, inabadilishwa hatua kwa hatua, na sehemu moja mfereji unagawanyika. Tawi moja linakwenda kutengeneza ergosteroli, mafuta ambayo chachu inajengea ngozi yake. Wataalamu walichimba tawi jipya kwa jeni za artemisia, lakini maji yalizidi kwenda kwenye lile la zamani. Baba akadakia, "Si wazibe?" Hawakuweza kuziba. Bila ergosteroli chachu inakufa, sawa na jirani wa chini akikosa maji kabisa. Kwa hiyo walipunguza: jeni inayolinda mlango wa tawi hilo, ERG9, waliibana ifanye kazi kidogo tu. Juu ya mfereji waliongeza nguvu ili maji mengi zaidi yaingie. Pia walifuta jeni moja, GAL80, kwa sababu mwanzoni chachu ilihitaji galaktosi, sukari ya bei ghali, ndipo iwashe jeni mpya. Ilipofutwa, glukosi ya kawaida ilitosha.

Bado kulikuwa na tatizo ambalo mimi hulifikiria sana nikiwa zamu ya usiku. Chachu ilipoanza kutoa nyingi, seli zilikuwa zinakufa. Kimeng'enya, yaani protini inayoendesha mabadiliko ya kikemia, kilichofanya kazi ya mwisho kilikuwa kinachafua seli kutoka ndani, na kitu cha kati, aldihaidi yenye sumu, kilikuwa kinarundikana. Mtu mwenye haraka angeongeza nguvu. Wao walipunguza msaidizi wa kile kimeng'enya ili viende sawa, wakaongeza protini nyingine kutoka kwenye artemisia ya kuvilainishia kazi, na vimeng'enya viwili zaidi vya kusukuma hatua za mwisho, kimoja kikiigeuza ile aldihaidi kuwa asidi. Ndani ya tangi walimimina mafuta yaliyoelea juu na kunyonya bidhaa inavyotoka. Mwaka 2013 walichapisha matokeo: gramu 25 kwa lita, mara 250 ya mwanzo.

Labda asiyefanya kazi hii hataona uzito wake. Kazini kwetu tunachachusha molasi, ule uji mweusi unaobaki miwa ikishatolewa sukari. Gramu 100 za glukosi, hata chachu isipopoteza chochote, hazitoi zaidi ya gramu 51 za alkoholi; nyingine zinaondoka kama kaboni dayoksaidi. Tuko karibu na dari hilo, kwa hiyo zamu nzima naweza kuhangaikia asilimia moja: tangi lisipate joto kupita kiasi, bakteria wasijipenyeze. Mara 250 kwangu ni kitu cha kuheshimu kwa moyo wote, hasa kikiwa kimefanywa kwa ajili ya watoto wenye malaria, kwa fedha za msaada na leseni isiyodai mrabaha.

Kampuni ya Sanofi ya Ufaransa iliichukua chachu hiyo hadi kiwanda chake cha Garessio, Italia, ambako asidi ile iligeuzwa kuwa artemisinini kwa msaada wa mwanga. Mwaka 2014 dozi milioni 1.7 zilipelekwa Afrika. Bei yao ilikuwa dola 350 hadi 400 kwa kilo, bila faida. Ila wakati huo ya mashambani ilikuwa imeshuka chini ya dola 250. Mwaka 2015 Garessio haikutoa hata kilo moja, na kiwanda kikauzwa kwa Huvepharma ya Bulgaria.

Baba aliweka ungo chini. "Kwa hiyo na wao walikutwa na bei?"

Ndiyo, walikutwa na ileile. Sijawahi kulisikia likisemwa kwa ufupi hivyo, na nimesoma mengi. Mimi ninalolitaka ni kuona vijana wa vyuo vyetu wakibana na kufungua mifereji ya chachu kwa mikono yao, kwa molasi yetu na magonjwa yetu. Na anayetafuta dawa, iwe ya shambani au ya tangini, atie saini ya kununua kwa miaka kadhaa kabla mtu hajang'oa mahindi yake. Magunia ya baba yalihitaji karatasi hiyo, na Garessio pia.

Hakusema kama amenikubali. Alitazama jua, akaniambia saa kumi ni zamu yetu ya maji na kwamba jirani wa juu siku hizi anachelewa kufunga. Nikavaa gambuti za mama, tukachukua majembe, tukapanda.