Nilivyoizuia glita isipukutike kwenye gauni la sendofu ya mdogo wangu

Gauni alilolivaa mdogo wangu kwenye sendofu yake hapa Tanga lilikuwa la mahameli ya kijani iliyokoza, limejaa glita ya dhahabu kuanzia mabegani hadi kwenye pindo, na katika kukumbatiana kote kwa usiku ule sikuona kanzu nyeupe hata moja iliyotoka na dhahabu kifuani. Najivunia jambo hilo waziwazi, kwa sababu karibu kila aliyekiona kitambaa kile kilipotoka dukani aliniambia nikirudishe.

Kitambaa cha aina ile hakina uzi wa kung'aa uliofumwa ndani yake, wala mapambo yaliyoshonwa kimoja kimoja. Glita yake ni vipande vidogo mno vya plastiki nyembamba iliyopakwa alumini na rangi, ambavyo hunatishwa kwa gundi juu ya kitambaa kilichokwisha kufumwa. Nilikipeleka kipande dirishani penye mwanga na kukikwangua kwa ukucha: tabaka la juu liliondoka lote kama unga, lakini chini yake vilibaki vipande vilivyong'ang'ania, ambavyo hata ukucha haukuving'oa. Maana yake ni kwamba vya chini vilizama kwenye gundi, na vya juu viliangukia juu ya wenzao bila kuigusa kabisa. Ushauri wote nilioupata kabla ya hapo ulikuwa wa kuvizuia vyote, na ndiyo maana haukufaa. Vile vya juu havizuiliki, dawa yake ni kuvitoa mapema, nyumbani, kisha kuvifungia vinavyobaki.

Ushauri ulionikera kuliko wote ni ule wa spreyi ya nywele, kwa kuwa umeenea mno na hutolewa kwa uhakika mkubwa. Wifi yangu aliniambia, "Wifi, usijisumbue, pulizia spreyi ya nywele tu, mimi zangu zote nazifanya hivyo." Kwa heshima yake nilipulizia kipande cha pembeni, nikakiacha kikauke, kisha nikakisugua kwa leso nyeupe. Leso ilitoka safi, naye akafurahi sana. Nikamwomba asubiri kidogo. Nililowanisha kidole, nikakipitisha palepale kwa kiasi cha jasho la kwapani, nikasugua tena, na safari hii leso ilijaa dhahabu huku kitambaa kikinata vidoleni. Haikuwa bahati mbaya. Spreyi ya nywele hutengenezwa ili itoke kwa maji mtu anapoosha kichwa, kwa hiyo haiwezi kustahimili mtu anayecheza muziki usiku kucha katika joto la Tanga. Isitoshe, hukifanya kitambaa kiwe kikavu na kigumu, na nyingi zina spiriti inayoshika moto upesi, jambo ambalo ni la hatari kwa mtu mwenye pasi mkononi. Gundi nyeupe ya mbao niliyoshauriwa na mwingine ina kasoro hiyohiyo ya kulainika kwa maji. Ushauri mwingine, wa kuliweka gauni kwenye friza ili glita ishike, sikuushughulikia.

Msaada wa kweli niliupata kwa kijana mmoja anayechapa fulana mtaani kwetu. Wachapaji hutumia bainda, ule uji mweupe wanaouchanganya na rangi ili rangi isitoke fulana inapofuliwa. Ikikauka haionekani, hujikunja pamoja na kitambaa, na ikishapigwa pasi haiyeyuki tena kwa maji. Nilijiuliza: ikiwa inashika rangi kwenye fulana inayofuliwa kila wiki, itashindwaje kushika glita? Alinipimia kwenye kopo la jemu kwa elfu chache tu, na nyingine ingali kabatini hadi leo.

Kabla ya bainda nilikitoa kitambaa uani asubuhi ambapo hapakuwa na upepo, nikatandika shuka kuukuu chini, nikakigonga upande wa nyuma kwa ufito mwembamba hadi kilipoacha kumwaga. Kisha nilijiviringishia solotepu pana kiganjani, upande wa gundi ukiwa nje, nikagusagusa uso wa kitambaa bila kubonyeza, kwa kuwa ukibonyeza utang'oa na manyoya ya mahameli. Shuka ni la lazima. Glita ile ni plastiki, haiozi, na ikifagiliwa mtaroni hapa kwetu mwisho wake ni baharini. Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia uuzaji wa glita ya plastiki isiyoshikizwa mwezi Oktoba 2023 kwa sababu ya uchafuzi wa namna hiyo.

Bainda niliizimua kwa maji hadi ikapita kwenye chupa ya kupulizia bila kuziba, nikaipuliza kwa mbali, nyepesi, nikasubiri ikauke ndipo nikarudia. Brashi haifai, kwa sababu huiburura glita na kuirundika sehemu moja. Baada ya kukauka kabisa nililaza kitambaa kifudifudi juu ya taulo nene lililofunikwa karatasi ya kuokea keki, nikapiga pasi ya joto la kati, bila mvuke, upande wa nyuma, nikiikandamiza na kuiinua badala ya kuisukuma. Mahameli nyingi za siku hizi ni poliesta, na pasi kali huiyeyusha, kwa hiyo anza na kipande cha majaribio. Mistari ya kukatia niliipulizia mara ya ziada, maana mkasi huitikisa glita kuliko kitu kingine chochote.

Pamoja na hayo, bainda haiwezi kushindana na msuguano usiokoma. Kwapani na upande wa ndani wa mikono niliweka kitambaa cha kijani kisicho na glita, na hakuna mgeni aliyekiona. Mkoba wenye mkanda wa begani nilimkataza kabisa, akashika mdogo wa mkononi. Gauni lenyewe hufuliwa kwa mkono likiwa limegeuzwa nje ndani, katika maji baridi na sabuni laini, bila kukamuliwa, na dawa ya madoa yenye klorini isilikaribie, kwa kuwa huila alumini na glita hubaki imepauka.

Wifi yangu ameniletea gauni lake la zambarau nilipulizie bainda. Nimemwambia alifue kwanza hadi spreyi yote itoke, kwa sababu bainda ikipigwa juu ya spreyi itakuwa imeshika spreyi, na siku spreyi itakapotoka, itatoka nayo pamoja na glita yake.