Nilivyokadiria zege la jamvi la nyumba ya mama

Nyumba ya mama iko kisiwani Ukerewe, kijijini, mbali na mji wa Nansio. Huko mfuko wa saruji ukipungua zege likiwa nusu chumba huwezi kukimbia dukani ukarudi kabla halijaanza kukaza, na ukiunga zege bichi na lililokwisha kushika, pale kwenye kiungo ndipo ufa unapoanzia. Ndiyo maana nilitaka hesabu kamili ya jamvi, yaani zege la sakafu linalomwagwa juu ya mawe na kifusi, kabla ya kulipa hata senti.

Fundi wetu, mtu mzoefu, alitembeza macho vyumbani akasema, "Dada, mifuko thelathini inatosha." Nikamwomba tupime.

Eneo halikuwa na ugumu. Tulipima kila chumba ndani ya kuta, urefu mara upana, tukajumlisha: mita za mraba 57.5. Kwenye unene ndipo kazi ilipokuwa. Ramani ilisema sentimita 10, ila mawe na kifusi, hata vikishindiliwa vizuri, havilali sawa kama meza. Basi tukavuta uzi kutoka ukuta hadi ukuta kwenye usawa wa juu wa jamvi, nikashika futi ya kupimia nikapima kina kutoka kwenye uzi hadi chini, pembeni na katikati ya kila chumba. Kuna mahali palisoma sentimita 9, pengine 14. Wastani ulikuja 11.5.

Tofauti ya sentimita moja na nusu inaonekana ndogo. Lakini kwa eneo lile kila sentimita moja ni zaidi ya nusu mita ya ujazo ya zege, yaani mifuko mitatu na nusu hivi. Kwa hiyo 57.5 mara 0.115 ikatupa mita za ujazo 6.6.

Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, mita moja ya ujazo hula mifuko 6.3 ya kilo 50, mchanga mita 0.44 na kokoto 0.88. Ukizijumlisha zinazidi mita moja, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu mchanga na saruji huingia kwenye nafasi za kati ya kokoto. Saruji ikaja karibu mifuko 42. Nikaongeza asilimia tano ya kumwagika na kupotea, nikanunua 44. Kokoto tulizihitaji kama mita 6, mchanga mita 3. Mchanga niliuongeza kidogo, maana ukiwa na unyevu huvimba, na ujazo unaouona kwenye lori si wote mchanga. Lori lenyewe nililipima bodi kwa futi ile ile: urefu, upana, kimo. Neno "tripu" halina kipimo.

Siku ya kumwaga tulitumia ndoo za lita 20. Mfuko mmoja una lita 35 hivi, kwa hiyo kila mfuko ulipata ndoo tatu na nusu za mchanga na saba za kokoto, zilizosawazishwa juu kwa ubao. Sebule, mita za mraba 20, ilitakiwa kula kama mifuko 14 na nusu. Ilipokula 15 fundi akaniangalia, akaomba ile karatasi ya hesabu akaikunja mfukoni. Vyumba vingine vilikwenda hivyo hivyo, na saruji iliyobaki tukaijengea kizingiti cha mlango wa nyuma.