Jinsi tulivyompiga picha mlakaa wa Mida akimlisha mtoto wake

Kwa muda mrefu kulikuwa na picha moja tu niliyoitaka: mlakaa mzima akimpa mtoto wake kaa, juu ya tope la Mida, hori la bahari karibu na Watamu, pwani ya Kenya. Nimeipata. Nataka kueleza tulivyoipata, kwa sababu tulikuwa wawili, na naamini kwa dhati kwamba mtu mmoja angekaa pale msimu mzima bila kuipata.

Kwa asiyemjua, mlakaa, ambaye wataalamu humwita Dromas ardeola, ni ndege wa pwani mwenye mwili mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu na mdomo mnene mweusi. Huzaliana kati ya Aprili na Agosti kwenye visiwa na fukwe za mchanga za Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi na Oman. Hachimbi kidogo: hutoboa shimo refu mchangani, na huko ndani hutaga yai moja, jeupe. Katika jamii yote ya vitwitwi, ndege wa fukweni kama yeye, hakuna mwingine anayetaga shimoni hivyo. Joto la mchanga lenyewe husaidia kuatamia. Msimu ukiisha, husafiri kusini na kuja kwetu, na wengi hutua Mida.

Kilichonivuta hasa ni mtoto. Vitwitwi wengi hujiokotea chakula tangu siku wanayoanguliwa. Mtoto wa mlakaa hawezi. Anavuka bahari pamoja na mzazi, anafika Kenya, na huku huku bado anaomba kulishwa. Miezi baada ya kutoka shimoni bado anamfuata mzazi nyuma akilia kwa mluzi mwembamba. Nilipoelewa hivyo sikutaka tena picha ya mlakaa amesimama. Zipo nyingi, na nzuri. Nilitaka hiyo ya malezi.

Mwenzangu ni mtu wa Mida, Mgiriama, mwongoza wageni anayewajua ndege tangu alipokuwa mtoto akifuata nyavu za baba yake. Namwita kaka kwa sababu kanizidi umri. Anapiga kwa kamera ya zamani yenye lenzi ya milimita 300. Mimi kazi yangu ni harusi, Malindi, na lenzi yangu ndefu hufika 600. Tulikutana kwenye kibanda cha kutazamia ndege, mwisho wa lile daraja la mbao lililoning'inizwa katikati ya mikoko, na kuanzia hapo hatujawahi kwenda pale mmoja bila mwingine. Kiingilio cha daraja, kwa wasiojua, huingia kwenye mradi wa ASSETS wa A Rocha Kenya, shirika la kuhifadhi mazingira, ulioanza 2001, unaosaidia karo za wanafunzi wa sekondari kutoka vijiji vinavyozunguka msitu wa Arabuko-Sokoke na Mida. Mimi hulipa kwa furaha.

Mwenzangu hamfuati ndege. Humsubiri mahali ambapo maji yatamleta, na hili ndilo jambo ambalo kila anayetaka kupiga ndege wa Mida anapaswa kulishika kabla ya kufikiria lenzi. Mida ni mkono wa bahari wa takriban kilomita za mraba 32. Maji yakipwa, tope linabaki wazi mbali mno na ndege hutawanyika humo hadi wanakuwa vitone. Yakianza kujaa, wanasukumwa hatua kwa hatua kuelekea ukingoni, wakila njia nzima, mpaka wanajikuta kwenye kipande cha mwisho cha tope mbele ya mikoko. Aliyekaa hapo mapema, akatulia, wao ndio wanaomjia.

Sasa, si kila siku inafaa. Kwenye pwani yetu bamvua, yaani maji makubwa ya kujaa, hufika kilele mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na ndani ya Mida maji huchelewa kidogo kuliko baharini kwa sababu mlango ni mwembamba. Sisi hukaa upande wa bara, kwa hiyo mchana ukishageuka jua liko mgongoni mwetu na usoni mwa ndege. Ina maana kwamba siku za mwezi mpevu au mwezi mwandamo, na moja au mbili zinazofuata, maji na jua hukubaliana: ndege wanasogea kuanzia saa nane, mwanga unalainika kuanzia saa tisa na nusu. Siku za maji mafu, yale yanayopanda kidogo tu, hatuendi. Maji hujaa katikati ya asubuhi, jua likiwa mbele yako, na hayapandi vya kutosha kumsogeza ndege yeyote.

Kuna sababu nyingine ya kungoja badala ya kufuata. Tope la mchana ni la moto, na hewa iliyo juu yake huchezacheza. Kwa mbali, hata lenzi ya bei ya shamba itakupa picha laini isiyo na ukali. Ndege akiwa mita ishirini, hewa hiyo haina nafasi ya kukuharibia. Ukaribu ndio unaotoa manyoya, na ukaribu haununuliwi dukani.

Ugumu wa kuwa wawili ni kwamba mkikaa mbalimbali, ndege wanaona hatari mbili, na mmoja akijitikisa ili apate pembe nzuri, mwingine anapoteza kila kitu. Kwa hiyo tunakaa bega kwa bega, juu ya magunia, chini ya turubai moja la rangi ya tope, nyuma yetu mkoko wenye mizizi iliyoinuka. Kwa ndege ni kichuguu kimoja. Lenzi zote mbili tunazilaza kwenye mifuko ya mchanga, karibu kabisa na ardhi, maana mlakaa anayepigwa kutoka juu anaonekana ameshindiliwa kwenye tope. Anayepigwa usawa wa magoti yake anasimama na upeo nyuma yake.

Halafu kuna kanuni yetu, ambayo alianza nayo yeye na mimi nikaipenda mara moja: asiyepiga ndiye anayeongoza. Tunapokezana. Mmoja jicho lake liko kwenye kamera na haoni chochote nje ya fremu. Mwingine ameshika darubini, anatazama kundi zima, maji, anga, na ndiye anayeamua. Akinigusa goti mara moja, naacha kupiga hata kama nina picha ya maisha yangu ndani ya kioo. Akigusa mara mbili, anasema kwa mnong'ono kitu kiko upande gani. Hatubishani. Mazungumzo yote huwekwa kwa ajili ya baadaye, kwenye chai.

Nimejifunza mengi kwa kuwa yule asiyepiga. Nilikuwa nikidhani kundi huruka ghafla. Haliruki ghafla. Kwanza kula kunapungua, halafu vichwa vinainuka, kisha wote wanageukia upepo unakotoka. Ukiona hivyo, kuna furukombe juu au kuna mtu nyuma. Wakati mwingine ni boti ya watalii inayopita karibu mno ili wageni waone kundi likiruka. Hilo linaniuma. Ndege hawa na jamaa zao, wakiwemo chamchanga wadogo wanaozaliana kaskazini kabisa mwa Siberia, wako Mida kujaza mafuta ya safari. Kila wanaporushwa wanatumia kile walichokuja kukitafuta, na wakati huo huo maji yanafunika chakula. Picha ya kundi likipaa kwa hofu sisi hatuipigi, na tukiona dalili kwamba sisi wenyewe ndio tunaowatia wasiwasi, tunashusha lenzi na kulala chini hadi waanze kula tena.

Siku yenyewe ilikuwa ya Novemba. Mvua za vuli zilikuwa zimepumzika na anga limesafika. Tulishuka saa saba na nusu, tukapita chini ya michu, aina ya mikoko, tukawasalimu wazee wawili waliokuwa wakikagua nyavu, nao wakatuambia maji ya siku hiyo yatakuwa makubwa. Saa nane na kitu sululu, ndege wenye mdomo mrefu uliopinda, walikuwa wameanza kusogea, na nyuma yao weupe wa walakaa. Zamu ya kwanza ilikuwa yangu kuangalia.

Nilimwona mtoto kwanza kwa sauti. Ule mluzi mwembamba, unaorudiwa bila kuchoka. Rangi yake ilikuwa ya kijivu kijivu pale ambapo mkubwa ana weusi wa kiwi, na alitembea ameinama, shingo ameikunja, kama anayeomba radhi. Mzazi alikuwa mbele yake hatua chache, hageuki. Nilimgusa mwenzangu goti mara mbili. "Kulia, kaka. Wawili. Yule wa nyuma mdogo." Akasema, "Nimewaona. Shika kamera yako, ndugu yangu, leo tupige wote. Nitaangalia kwa jicho la kushoto."

Hiyo ni mara pekee tulipoivunja kanuni, na aliivunja yeye mwenye nayo.

Mzazi alisimama. Alikuwa anatazama kishimo cha kaa kama hatua nne kutoka mguuni pake. Mlakaa hawindi kwa kupekua tope kama sululu. Anatazama, anasimama kabisa, kisha anakimbia. Alikimbia, akachoma mdomo mara moja, akainuka na kaa mwenye gando lililofunguka. Akampigapiga chini, akamtikisa, miguu miwili ikadondoka. Mtoto alikuja mbio huku mluzi umekuwa mrefu. Mzazi akamweka kaa juu ya tope, hakumtia mdomoni, akarudi nyuma nusu hatua. Mtoto akamnyanyua, kaa akamponyoka, akamnyanyua tena. Mzazi alisubiri. Hakumnyang'anya, hakwenda zake. Alisimama pale mpaka kaa amemezwa, ndipo akaendelea na kutembea, na mtoto nyuma yake akaanza tena mluzi.

Nilipiga kuanzia alipoanza kukimbia hadi mwisho. Kamera ilikuwa kwenye kasi ya 1/2000 ya sekunde, tundu la lenzi f/7.1, wepesi wa kupokea mwanga ISO 640, vyote nimevifunga kwa mkono. Nisingeiachia kamera iamue, kwa sababu tope la Mida ni jeusi na ndege ni mweupe, na kamera ikiona weusi mwingi hufungua mwanga na kuunguza weupe hadi kifua kinakuwa karatasi tupu. Hapa harusi zilinisaidia. Anayepiga wanaume waliovaa kanzu wakitoka msikitini kwenye jua kali anajua kwamba unapima mwanga kwenye kanzu, ukutani patajiju. Nilipima kwenye kifua cha mlakaa aliyekuwa karibu, muda mrefu kabla ya mtoto kutokea, na nikaangalia tena kila mwanga ulipobadilika. Kila unyoya wa kifua upo.

Jioni tukakaa na chai ya tangawizi na mahamri, tukafungua kadi zote mbili. Zangu ni za karibu: gando lililo wazi, mguu wa kaa hewani, jicho la mzazi. Yake moja, ya milimita 300, ina mzazi na mtoto na kaa katikati yao juu ya tope, na nyuma yao mstari wa mikoko iliyosimama majini. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo picha. Zangu zinaonyesha mlo. Yake inaonyesha kwamba hawa wawili wapo Mida, na wapo pamoja. Tumekubaliana kwamba tukizitoa popote zitakwenda kwa pamoja, majina yote mawili, na kipande hasa cha tope hatutakitaja.

Kuhusu vifaa sina mengi. Chumvi ni adui mkubwa kuliko vumbi, kwa hiyo usiku ule ule futa kamera na lenzi kwa kitambaa kilicholowekwa maji baridi ya kunywa na kukamuliwa sana, kisha kikavu. Viatu vya raba vinavyobana, maana tope hunyonya. Maji ya kunywa kuliko unavyodhani utahitaji. Na ujue njia ya kurudi kabla maji hayajafika kwenye mizizi, kwa sababu bamvua haitakusubiri; hapo ndipo kuwa na mwenyeji kunapozidi lenzi yoyote.

Tarehe na idadi ya watoto tunaowaona wakilishwa tunaziandika kwenye daftari moja, lake, na tunawapa wanaohesabu ndege wa Mida. Walakaa wazima wataondoka Aprili kurudi kwenye mashimo yao ya mchanga. Kusi likishika sisi tutahamia mlango wa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, ambako miezi hiyo hufika viluwili wa Madagaska, ndege wa rangi ya kahawia wanaowinda wadudu angani. Huko maji ni mekundu ya udongo wa bara na mwanga unarudi tofauti kabisa, kwa hiyo nimeanza kufanya mazoezi ya kupima weupe juu ya wekundu, na mwenzangu anaulizia kwa wavuvi wa huko maji yao hujaa vipi mto ukiwa umefurika.