Kabichi za makunyanzi

Mwaka 1999 mamangu alikuwa mpishi wa mama mmoja wa Kiitaliano hapa Malindi, upande wa Casuarina. Yule mama aliporudi kutoka kwao alimletea pakiti ya mbegu yenye picha ya kabichi iliyokunjamana. Kwao huitwa verza, alisema, na hawana haraka ya kuzivuna mpaka umande ugande majanini, kwani baridi ndiyo inayozitia sukari. Baridi! Malindi hata mwezi wa saba, kusi ikivuma, twajifunika shuka moja, tena si wote.

Mama hakujali. Alisia mbegu kwenye karai bovu chini ya makuti, akahamishia miche kumi na miwili uani, akaitilia samadi ya mbuzi. Kazi yangu ilikuwa maji. Kisima chetu kina munyu, basi nikatumwa kwa jirani mwenye mfereji, ndoo mbili asubuhi, mbili jioni. Majani yalipotanuka yalikuwa kama kanga iliyokamuliwa ikaanikwa bila kukung'utwa. Majirani walitupa pole wakidhani zimeugua. Vidukari walijificha ndani ya makunyanzi, majivu yasiwafikie. Ikabidi nigeuze jani moja moja na kuwafuta kwa kidole.

Mama alingoja zifunge vichwa kama za pichani. Mwezi wa nane ukapita, wa tisa, joto likarudi. Zimekaa wazi tu, kama sahani.

Bibi hakuwa mtu wa kungoja. Siku moja mama yuko kazini, akaniambia, "Lete kisu." Akakata majani ya nje, akatoa ile mishipa minene ya kati, akayakatakata. Mimi nikakalia mbuzi, nikakuna nazi mbili. Majani yakachemka kwa tui la pili, na vitunguu na kipande cha papa mkavu aliyerowekwa kutwa. Kabichi za sokoni, zile za Taita, zingeshalegea zamani. Hizi zilishikilia, zikawa na kitu cha kutafuna. Tui zito likaingia mwisho, pilipili mbuzi nzima juu, bibi akikoroga polepole lisikatike.

Mama aliporudi alipitia uani kwanza. Tukamsikia amenyamaza. Kisha akaingia jikoni.

"Nani aliyezikata?"

"Mwenye njaa," bibi akajibu.

Mama akafunua chungu, akaonja, akaketi mkekani na buibui lake mwilini, akavuta sinia ya wali.

Kesho yake alimpelekea yule mama bakuli zima. Bakuli likarudi na pakiti nyingine ya mbegu ndani. Mimi nikaenda kuzificha ndoo.