Sylt: Kisiwa Kinachohudumiwa na Watu Waliokihama

Ninafanya kazi Sylt lakini siishi Sylt, na kwa hilo sina tofauti na wengi waliozaliwa huko. Sylt ni kisiwa cha Ujerumani kilichomo katika Bahari ya Kaskazini, karibu na mpaka wa Denmark, chenye eneo la takriban kilomita za mraba 99 na wakazi wa kudumu wapatao 18,000. Wajerumani wanakipenda kisiwa hiki kupita kiasi, kwa ajili ya ufukwe wake mrefu wa magharibi, nyumba zake za matofali mekundu zilizoezekwa matete, na upepo wa chumvi ambao watu hutumwa kuuvuta kama dawa ya kifua. Jamaa zangu wa Lamu wakisikia kwamba wenyeji wanakihama kisiwa kama hicho, hudhani kuna maradhi au kwamba bahari inakula nchi. Bahari inakula kweli, na tangu 1972 mchanga hufyonzwa kutoka chini ya maji na kumwagwa ufukweni ili kufidia ule unaochukuliwa na dhoruba za majira ya baridi. Hata hivyo, sijakutana na mtu hata mmoja aliyehama kwa kuogopa bahari. Niliozungumza nao walihama kwa sababu nyumba walizokuwa wakiishi zilipanda thamani kuliko uwezo wa mtu yeyote anayeishi kwa mshahara.

Katika kijiji cha Kampen, bei ya nyumba kwa mita moja ya mraba ni miongoni mwa bei za juu kabisa katika Ujerumani nzima. Wanunuzi ni watu wa Hamburg, Düsseldorf na kwingineko ambao huja wiki chache za kiangazi, pengine na siku za mwaka mpya, kisha hufunga madirisha na kuondoka. Anayepita vijiji hivyo usiku wa mwezi wa Novemba ataona taa zikiwaka kwa mtunza bustani, kwa daktari na kwa wazee wachache, na kwingine kote giza.

Watu wa nje hufikiri kwamba wenyeji waliouza walipumbazwa na fedha. Mimi nilifikiri hivyo pia, hadi nilipofafanuliwa jinsi mirathi inavyokwenda hapa, na naomba msomaji anivumilie kidogo kwenye hesabu kwa sababu ndani yake ndimo lilimo jambo lenyewe. Tuseme mama mjane amefariki akiwa amekaa maisha yake yote katika nyumba ya Keitum, kile kijiji cha manahodha ambao karne ya 18 walikwenda kuvua nyangumi pande za Greenland. Nyumba hiyo sasa inathaminiwa euro milioni tatu, na watoto ni watatu. Wawili wamekwisha kuolewa bara, na mmoja, tuseme fundi bomba, anataka kubaki na mkewe na watoto. Kila mrithi ana fungu la euro milioni moja. Sheria ya Ujerumani inamsamehe mtoto kodi ya mirathi kwa euro 400,000 za kwanza, na kinachozidi, kwa kiwango hicho, hutozwa asilimia 15. Maana yake wale wawili walioko bara wanadaiwa na serikali euro 90,000 kila mmoja, kwa nyumba ambayo haijawaingizia hata senti. Huyo anayebaki husamehewa kodi ya fungu lake ikiwa ataishi humo miaka kumi na nyumba haizidi mita za mraba 200. Lakini msamaha huo haumwondolei deni la ndugu zake, ambao wanastahili euro milioni mbili kutoka kwake. Hata kama mama angeandika wosia wa kumwachia yeye peke yake, watoto wengine wangebaki na haki ya kudai nusu ya mafungu yao kwa fedha. Hakuna fundi bomba awezaye kulipa deni hilo, wala benki itakayomkopesha. Kwa hiyo nyumba huuzwa, warithi hugawana, na yule aliyetaka kubaki huondoka akiwa na fedha nyingi kuliko alizowahi kuziota, ambazo hata hivyo hazimtoshi kununua nyumba nyingine kisiwani humo kwa ukubwa wa familia yake. Hununua Niebüll, Leck au Klanxbüll, ng'ambo ya maji, na Jumatatu hupanda treni kurudi Sylt kutengeneza mabomba ya nyumba za wageni.

Wapangaji, kwa upande wao, hawapati hata faraja hiyo. Mwenye fleti hufanya hesabu fupi: wiki chache za Julai na Agosti akipangisha kwa watalii humpa kile ambacho mpangaji wa kudumu humlipa kwa miezi mingi. Mkataba ukimalizika, au mwenye nyumba akifa na watoto wake wakashika usukani, mpangaji huambiwa kwa adabu kwamba nyumba inahitajika. Katika miaka ya karibuni wilaya ya Nordfriesland imeanza kukagua nyumba zilizopewa kibali cha makazi ya kudumu lakini zikageuzwa za watalii kinyemela, na hatua hiyo imezua kelele kubwa, kwa kuwa wako wenyeji wazee ambao chumba kimoja cha watalii ndiyo pensheni yao. Nawahurumia, ingawa naona wilaya ilichelewa sana.

Watu wakipungua, huduma nazo huwafuata walioondoka, kisha ukosefu wa huduma unawaondoa wengine. Tangu 2014 hakuna wodi ya uzazi kisiwani. Mama mjamzito hushauriwa kuvuka kwenda bara yapata wiki mbili kabla ya siku zake, akakae karibu na hospitali, na mtoto wake huandikwa kuwa amezaliwa Flensburg au Husum. Katika vijiji vya Ujerumani moto huzimwa na wakazi wanaojitolea. Huko List, kijiji cha kaskazini kabisa, waliojitolea hawakutosha, hivyo tangu 2005 wakazi huitwa kwa lazima kisheria kujiunga na kikosi cha zimamoto. Ile lahaja ya Kifrisia, lugha ya asili ya pwani hiyo, inayozungumzwa Sylt pekee imebaki kwa mamia ya watu, wengi wao watu wazima. Wanayo kwaya, wanayo darasa, lakini lugha inataka majirani wa kuizungumza sokoni.

Mahali pa kuwaona waliohama ni kwenye treni. Sylt haina daraja la magari. Imeunganishwa na bara kwa tuta la reli la kilomita 11 lililofunguliwa 1927, na anayetaka kuvuka na gari lake hulipakia juu ya behewa pale Niebüll. Kila siku ya kazi watu kati ya 4,000 na 5,000 huvuka kwenda kufanya kazi: wapishi, walimu, wauguzi, mafundi umeme, watu wa benki, makarani wa manispaa. Juu ya tuta kuna reli mbili, lakini sehemu nyingine za njia, kabla na baada yake, zina reli moja tu, kwa hiyo treni moja ikichelewa nyingine zote husubiri. Novemba 2016 mabehewa yote ya abiria ya njia hiyo yaliondolewa kwa hitilafu ya viungo vyake, na kwa miezi mingi watu walisafiri kwa mabehewa ya kuazima yaliyokusanywa kutoka kila pembe ya nchi. Wenzangu wakubwa wanasema huo ndio wakati ambapo wengi waliacha kazi za kisiwani moja kwa moja, wakatafuta bara.

Mimi nililetwa kisiwani na kazi ya kulea wazee. Mwajiri alinipa chumba, maana hoteli, hospitali na nyumba za wazee zimelazimika kujenga au kukodi vyumba vya wafanyakazi, la sivyo hazipati mtu. Basi kisiwa hicho kinaondokewa na watu wake huku kikipokea wageni wa Kikenya, Kifilipino, Kiromania na Kiukraine, ambao hulala katika vyumba vilivyofungwa na mkataba wa kazi: ukiacha kazi, umeacha na kitanda. Chumba hicho kilinitosha nilipokuwa peke yangu. Mume wangu alipokuja na mtoto akazaliwa, tulihamia Niebüll kama walivyofanya wenyeji, na bibi mmoja ninayemhudumia, mzaliwa wa Westerland, mji mkubwa wa Sylt, aliniambia kwamba sasa nimekuwa mtu wa Sylt kamili.

Manispaa haijakaa bure. Imejenga fleti za kupangishia wakazi wa kudumu peke yao, na imeanza kubana ujenzi wa nyumba mpya za watalii. Chombo ninachokiona kuwa cha maana zaidi ni kile cha sheria ya Kijerumani ya 1919, ambapo ardhi hubaki mali ya mwenyewe, kwa mfano manispaa, na mtu mwingine hupewa haki ya kujenga na kuishi kwa miaka mingi, bila kuweza kuiuza ardhi yenyewe. Waislamu wa pwani yetu wanalijua wazo hilo kwa njia ya wakfu: nyumba huwekwa kwa ajili ya kizazi, watoto na wajukuu wakakaa, asiwepo wa kuiuza.

Ninayaandika haya nikiitazama Shela, kijiji kilicho kando ya mji wa Lamu, ambako nyumba za mawe za wazee wetu zimekuwa zikinunuliwa na Wazungu kwa miaka mingi. Katiba ya Kenya ya 2010 haimruhusu mgeni kumiliki ardhi ila kwa mkataba wa upangaji usiozidi miaka 99, na kwa familia miaka 99 ni vizazi vitatu au vinne. Nasi tumebakiwa na nyumba ya marehemu babu yetu, na mnunuzi amejitokeza. Nimewaandikia ndugu zangu kwamba tuiweke wakfu, au tukishindwa tuikodishe kwa miaka michache inayohesabika. Wengi wameafiki. Kaka yetu mkubwa anataka fungu lake kwa fedha taslimu kwa sababu ana watoto chuoni, na dai lake ni la haki kabisa. Kwa kuwa mimi ndiye ninayelipwa kwa euro, tunajadiliana sasa nimlipe kwa miaka mingapi.