Tunawavumilia Tunaowaogopa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mama yangu anaishi nasi tangu msimu wa mavuno, na wiki hii kusahau kwake kumezidi. Anauliza, "Baba yenu amerudi?" Baba alilala katika Bwana miaka mingi iliyopita. Unamjibu, anatulia, anakunja khanga yake vizuri na kuiweka mapajani, kisha kabla chai haijapoa anauliza tena kwa shauku ileile, "Baba yenu amerudi?" Ni asubuhi, ni mchana, ni usiku wa manane. Daktari alitueleza jambo lililonisaidia sana: katika maradhi haya kumbukumbu za karibuni ndizo hutangulia kupotea, za zamani hukaa. Ndiyo maana mama anaweza kuimba nyimbo za kwaya ya ujana wake beti kwa beti, lakini hakumbuki kwamba amekwisha kula. Sisi tunalisikia swali lilelile siku nzima. Yeye kila mara analiuliza kwa mara ya kwanza.

Nalijua hilo, na bado moto unapanda kifuani. Nimepambana nao katika maombi wiki nzima, nikimwambia Mungu, "Nipe uvumilivu." Na katikati ya maombi hayo likanijia jambo ambalo sikuwa nimeliomba. Kazini kwetu yupo mkubwa ambaye naye huuliza jambo moja tena na tena. Anaelezwa, anasahau, anaita tena. Kwake moto haupandi. Namjibu, "Sawa mkuu, naomba nikueleze," na kifua kimetulia kabisa. Iweje bosi aulize hata mara tano nibaki mpole, na mama aliyeninyonyesha akiuliza mara ya tatu damu ichemke? Nikasikia moyoni kama naulizwa: Uvumilivu unaouomba tayari unao. Unampelekea nani?

Wapendwa, nataka tukae hapo leo.

Tumezoea kusema, "Mimi sina subira, ndivyo nilivyo," kama mtu anayetaja urefu wake. Lakini mfuate mtu huyohuyo siku anapofuatilia hati ya kiwanja. Ameambiwa njoo kesho, amekuja. Ameambiwa mhusika yuko kikaoni, amekaa kwenye benchi tangu asubuhi bila hata maji. Dirisha likifunguliwa anainuka, anashukuru, anaomba radhi kwa usumbufu ambao hakuusababisha yeye. Hiyo ni subira kubwa! Kisha jioni anafika nyumbani, mtoto amechelewa kidogo kufungua geti, na sauti inayotoka hapo majirani wote wanaisikia.

Basi tusijidanganye. Uvumilivu tunao, ila tunauweka kwa ajili ya tunaowaogopa na tunaowahitaji. Bosi, afisa, mwenye nyumba, mkwe, mteja mkubwa, hao tunawavumilia. Wakifika wale wasioweza kutufanya lolote, yaani mtoto, dada wa kazi, mzee aliyeishiwa nguvu, muuza maji wa mkokoteni, tunasema subira imekwisha. Neno la Mungu haliiti hiyo uvumilivu. Hiyo ni hofu iliyovaa nguo nzuri.

Fungua Mathayo 18, mfano wa mtumwa asiyesamehe. Sote tunaujua, na mara nyingi tunauhubiri kama somo la msamaha, na ni kweli. Lakini soma tena uangalie wanachoomba wale wawili. Mtumwa wa kwanza anaanguka mbele ya mfalme na kusema, "Bwana, nivumilie, nami nitakulipa yote pia." Mfalme anamfutia deni lote. Anatoka nje, anamkuta mjoli wake, yaani mtumwa mwenzake, ambaye yeye anamdai dinari mia, anamshika koo. Naye mjoli anaanguka miguuni pake na kusema, "Nivumilie, nami nitakulipa yote pia." Ni ombi lilelile. Maneno ambayo yalikuwa kinywani mwake yeye mwenyewe muda mfupi tu uliopita, yanarudi masikioni mwake kutoka kwa mtu aliye chini yake, na hayatambui.

Na tuwe wakweli kuhusu hizo dinari mia. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kama tunavyosoma katika Mathayo 20. Kwa hiyo mjoli alikuwa anadaiwa ujira wa siku mia za kazi. Hiyo si pesa ya kutupa. Deni lilikuwa la kweli, na mwenye kudai alikuwa na haki ya kudai. Nasema hivi kwa sababu kila mkali anayo sababu. Mtoto kweli ameandika ovyo. Maharage kweli yameungua. Mama kweli ameuliza mara nyingi. Yesu hasemi dinari mia ni kitu kidogo. Anaziweka karibu na lile deni jingine, talanta 10,000, na talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Piga hesabu mwenyewe: ni ujira wa siku 60,000,000. Hakuna mtu anayeishi muda wa kulipa deni kama hilo. Mtu aliyetoka kufutiwa hilo ndiye aliyemkaba mwenzake kwa ajili ya siku mia.

Mungu wetu ndivyo alivyo, kama mfalme yule. Pale Sinai watu walipoona Musa amekawia kushuka, hawakuweza kungoja. Wakamtaka Haruni awatengenezee miungu, ikatokea ile ndama ya dhahabu. Na ni baada ya dhambi hiyo, si kabla yake, ndipo Bwana alipopita mbele ya Musa akalitangaza jina lake, kwamba ni mwingi wa huruma, si mwepesi wa hasira. Kutoka 34 imekuja baada ya Kutoka 32. Sisi tunaoimba habari za huruma hiyo kila Jumapili tumetoka kwenye chumba cha mfalme sasa hivi. Tukikutana na nani mlangoni?

Kwa sababu wengi wanatuambia "nivumilie" na hatusikii, maana hawatumii neno hilo. Mtoto wa darasa la tatu anayekodolea macho saba mara nane, penseli imesimama, machozi yanalenga, huyo anasema nivumilie. Baba, ukipiga meza wakati huo, hesabu haiingii; kinachoingia ni woga wa hesabu, na woga huo utamfuata hadi sekondari. Mzee anayetoa noti moja moja kwenye kibanda cha wakala, akirudia namba ya siri kwa sababu vidole vinatetemeka, na nyuma yake foleni inaguna, anasema nivumilie. Mwanafunzi anayesukumwa na konda asipande daladala kwa sababu nauli yake ni ndogo, akabaki kituoni na begi lake huku jua likizama, naye amesema. Na sisi watu wazima tuliokwisha kaa tunatazama dirishani.

Na dada wa kazi. Hapa naomba mniruhusu nikawie, kwa maana naona ndipo kanisa linapoumwa.

Binti ametoka mkoa wa mbali. Pengine hajawahi kugusa jiko la gesi wala blenda kabla ya kuingia jikoni kwako. Anaamka kabla yenu nyote na kulala baada yenu nyote. Anamwogesha mtoto, maharage yako jikoni, geti linagongwa, na kutoka chumbani sauti inamwita alete pasi. Maharage yakiungua, yanaitwa uzembe wake. Wewe kazini ukipewa kazi nne kwa pamoja unasema mkuu anakuonea, na unaomba maombi ya kundi zima. Yeye anaombewa na nani? Nimekaa kwenye sebule za watu waliookoka, watu wa mkesha na mfungo, nikasikia binti akiitwa kwa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa, kwa sababu ya chumvi tu. Kisha Biblia ikafunguliwa tukasoma "Upendo huvumilia, hufadhili," naye akiwa amesimama mlango wa jikoni na sinia mkononi, akisikiliza. Anajifunza nini kuhusu Yesu? Ndugu yangu, huyo binti ndiye anayeijua imani yako kuliko mchungaji wako anavyoijua. Akirudi kwao akaulizwa walokole wakoje, jibu liko mikononi mwako.

Mfundishe. Mwonyeshe mara ya pili na ya tatu, kama ulivyoonyeshwa kazi na aliyekutangulia. Mpe siku ya kupumzika na umlipe mwezi unapoisha, si unapojisikia. Mwache aende ibadani, akae na vijana wenzake kwenye kwaya, asiwe wa kubeba mtoto wako nje ibada nzima. Hayo ni matendo ya uvumilivu kama kulivyo kungojea majibu ya maombi, na pengine Mungu anayaangalia zaidi.

Yapo mengine ya kusemwa kuhusu subira: mkulima wa Yakobo 5 anayengoja mvua ya kwanza na ya mwisho, na wanaongoja mtoto, kazi au mwenzi. Hayo tuyaache kwa siku nyingine, maana kuna jambo zito ndani ya mfano huu huu ambalo siwezi kulipita.

Angalia nani anaambiwa avumilie. Aliyeanguka chini hakuambiwa. Aliyeombwa ni mwenye nguvu, mwenye mkono shingoni mwa mwenzake. Katika mfano wa Bwana, uvumilivu unadaiwa kwa aliye juu. Sisi tumeugeuza. Somo la uvumilivu tunamhubiria binti wa kazi, tunamhubiria mkwe mdogo, tunamhubiria mtoto. Na mkubwa akilipuka tunasema, "Mzoee tu, ndivyo alivyo."

Na tumemhubiria mke anayepigwa. Hili tumelifanya, wapendwa, kwenye vikao vya wazee wa kanisa na kwenye vikundi vya akina mama, tena kwa nia njema. Dada amekuja na jicho limevimba, tumempa maji ya kunywa, tumemwombea, tumemwambia, "Vumilia mwanangu, ndoa ni uvumilivu," tukamrudisha kwenye nyumba ileile kabla giza halijaingia. Tumelichukua neno takatifu tukalitumia kumfungia mlango. Mtume Paulo katika 1 Wathesalonike 5:14 anasema tuvumilie na watu wote, ndiyo, lakini mstari huohuo unaanza kwa kutuamuru tuwaonye wasiokaa kwa utaratibu na tuwatie nguvu wanyonge. Hatuwezi kuchukua kipande cha mwisho tukampa aliyeumia, na kipande cha kwanza tukakificha ili mwenye ngumi asikasirike. Mara nyingi tunakificha kwa sababu mwenye ngumi ni mtoaji mzuri, au ana cheo, au yumo kwenye kamati ya ujenzi. Hapo tena tumemvumilia tunayemwogopa.

Nendeni kwenye ule mfano mara moja zaidi. Wako watu ambao tunawasahau tunapousoma. Wajoli wengine waliona yule mwenzao amekabwa, na Maandiko yanasema walisikitika sana, wakaenda wakamweleza bwana wao yote yaliyotendeka. Hawakumwambia aliyekabwa avumilie. Hawakusema ni mambo ya watu wawili. Walisikitika, kisha wakaenda. Kanisa limewekwa mahali pa wajoli hao.

Kwa hiyo wazee wa kanisa, mama wachungaji, viongozi wa vikundi, nawaomba kwa jina la Bwana. Dada wa namna hiyo akija wiki hii, msianze na ushauri wa ndoa. Mtafutieni mahali salama pa kulala yeye na watoto. Mmoja wenu amsindikize kituo cha polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, apate PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya aliyeumizwa, na asiachwe peke yake hospitalini. Kama hali yake ni mbaya, hospitali itangulie. Mwenye gari atoe gari, mwenye nauli atoe nauli. Kisha mumwite mume, hata kama ndiye aliyetoa mabati ya kanisa, fungueni Mathayo 18 mbele yake, na somo la uvumilivu mlihubiri hapo.