Kibao cha bei kinachosoma WordPress

Kibao cha bei dukani Kariakoo hakihitaji mfumo mpya. Tangu toleo la 4.7 la mwaka 2016, WordPress, mfumo wa kuendesha tovuti, hutoa machapisho ya tovuti kwa JSON (muundo wa data ambao programu husoma kwa urahisi) kupitia anwani ya tovuti yako ikifuatiwa na /wp-json/wp/v2/posts. ESP32, yaani kompyuta ndogo ya chipu yenye Wi-Fi, ikiwa na skrini ndogo iyavute kila dakika 5. Mwishoni mwa anwani hiyo ongeza ?per_page=1&_fields=title (chapisho moja, kichwa chake tu), tafadhali usiruke hapa: bila hivyo unavuta makala nzima, kumbukumbu inaweza kujaa, kifaa kikajizima na kuwaka upya.

Ukiandika bei kwenye kichwa cha chapisho, “Unga - 1,800”, skrini itaonyesha “Unga – 1,800”. Safisha alama hizo kwenye programu ya kifaa kabla ya kuonyesha.

ESP32 ya kawaida hushika Wi-Fi ya 2.4 GHz tu. Bei ya mwisho ihifadhi kwenye flashi, kumbukumbu ya kudumu ya kifaa; RAM, kumbukumbu ya muda, hufutika umeme ukikatika.